Miwani ya Kuvalia Chumbani

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa miwani. Naandika haya nikiwa nimeivaa, mlango umefungwa, pazia limeshushwa.

Kosa ni la lile sanamu. Wiki iliyopita nilikuwa natembea na shangazi, dada mkubwa wa baba, ninayekaa naye tangu nianze kazi. Mbele ya duka la nguo nikaona mzee amesimama wima, koti safi, kofia safi. Nikamwamkia shikamoo. Kimya. Nikarudia kwa sauti zaidi, na goti nikakunja kidogo. Kimya! Nikamwambia shangazi kwamba wazee wa siku hizi wana maringo. Shangazi akaniuliza ni lini nimeanza kuamkia masanamu ya kuonyeshea nguo.

Leo kanikokota kwa daktari wa macho. Daktari akaniambia nisome herufi zilizoko ukutani. Nikamuuliza ukuta upi. Hakuendelea na maswali.

Nikavaa. Lo! Kumbe mti una majani moja moja! Kumbe nyaya za umeme ni nne, si moja nene! Kumbe shangazi ana mikunjo! Nikamwambia. Hapo niliteleza. Hakusema nami njia nzima.

Halafu nikajitazama kwenye kioo. Bundi. Bundi aliyeshtuliwa mchana.

Mimi nina miaka kumi na tisa. Ni mwanafunzi wa uchoraji wa mabango, mkono wangu unasifiwa, na sura yangu, bila kujisifu, imenifikisha mbali. Siwezi kuiwekea madirisha. Nimeamua: hii itakuwa miwani ya chumbani. Nje nitaendelea kuona kama nilivyokuwa naona, yaani kwa makadirio. Mtu mwenye akili hahitaji kuona kila kitu.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kwanza ya mpango. Nimetoka nyumbani na miwani puani, shangazi kasimama mlangoni akinipungia mkono kama naenda ng'ambo. Nikakata kona. Miwani ikaingia kwenye soksi, soksi ikaingia mkobani. Sekunde tatu. Safi kabisa.

Karakana yetu ni chumba kirefu chenye harufu ya rangi na mafuta ya taa. Tuko watatu. Yuko Fundi, mwenye karakana, mtu mzima asiyecheka. Yuko mwenzangu tunayejifunza pamoja, tunamwita Rula kwa sababu anachora mstari ulionyooka bila kutumia rula. Anajidai sana kwa hilo. Hajawahi kusema neno la kujidai, lakini namjua. Na niko mimi.

Asubuhi nikamkuta Rula ameinama kwenye makopo, aproni yake ya buluu. Nikamsogelea nikamnong'oneza kwamba leo naomba huyu mzee wetu asianze tena mahubiri yake ya usafi wa brashi, maana akianza ni kama redio iliyovunjika kitufe cha kuzimia.

Ile aproni ikainuka. Ikawa ndefu kuliko Rula. Ikawa na ndevu.

"Kitufe kipo," Fundi akasema. "Kinaitwa kufukuza kazi."

Nimeosha brashi zote. Hata zile mpya.

Lakini habari kubwa ilikuja mchana. Mama mshonaji wa pale njia panda anataka ukuta wote wa mbele ya duka lake uandikwe upya. Ukuta mzima! Herufi za urefu wa mkono! Fundi amesema Ijumaa atachagua mmoja kati yetu, na atakayechaguliwa, kazi ikitoka vizuri, atakuwa mchoraji kamili na ataweka saini yake pembeni. Mwingine ataendelea kushika ngazi.

Nimekwisha kufanyia saini yangu mazoezi. Nimejaza kurasa mbili. Ina mkia.

Jumatano, 5 Machi

Shangazi ni hatari. Jioni kanishika kidevu, kanigeuza kwenye mwanga kama mtu anayekagua nyanya, akaniuliza alama ziko wapi. Nikauliza alama gani. Akasema mtu akivaa miwani kutwa nzima hubaki na vidoti viwili puani, huku na huku. Pua yangu, akasema, ni laini kama ya mtoto mchanga.

Nikasema nina ngozi nzuri, nimerithi upande wa baba, yaani upande wake. Akatabasamu. Kisha akasema kesho ataangalia tena.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilikaa kitandani dakika tano nikapata jibu. Kibanio cha nguo!

Nimekijaribu. Kinauma, lakini vidoti vinatoka viwili, huku na huku, kama vya kiwandani.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Nusu saa ya kibanio, nimejificha nyuma ya ua kabla ya kuingia nyumbani. Shangazi kakagua, karidhika, akaniambia unaona, mwanangu, kumbe ni kuzoea tu. Nikaitikia. Sauti ilitokea puani lakini hakugundua.

Huku kazini mambo si mabaya. Vitu vya karibu naviona vizuri kabisa, na herufi zangu za karibu ni tamu. Shida ni mbali tu. Leo nimempungia mkono kinyozi kijana wa jirani yetu, ambaye nina mipango naye ingawa bado hajaarifiwa. Hakupunga. Nikapunga tena kwa madaha. Rula akaniuliza kwa nini naaga lile taulo.

Basi nikafikiri. Tatizo si miwani. Tatizo ni kwamba nitakuwa peke yangu. Bundi mmoja ni kichekesho, ila bundi wawili ni mtindo! Wakivaa wengine kwanza, mimi nitavaa baadaye, taratibu, kama mtu anayekubali kushawishiwa.

Mchana nimekunja waya mwembamba, nikautengeneza fremu ya miwani, nikaipaka rangi nyeusi. Haina vioo. Nikampa Rula kama zawadi. Nikamwambia wachoraji wakubwa huvaa fremu tupu ili jicho lisitangetange. Kanitazama kidogo. Kauliza kama nina uhakika. Nikasema jambo hili linajulikana kote.

Kaivaa! Masikini, ni mwepesi wa kuamini. Karibu nimwonee huruma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeibiwa.

Rula kaingia na ile fremu yangu. Nilitegemea vicheko viwili vitatu, kisha watu wazoee, kisha zamu yangu. Badala yake! Mteja wa kwanza kampita Fundi mwenyewe, kaenda moja kwa moja kwa Rula, kamuuliza kwa heshima zote bango litakuwa tayari lini. Mteja wa pili kamwita mwalimu. Kinyozi kaja kuazima ngazi, kasimama, kasema, "Dada, hiyo miwani imekukaa." Kwa Rula! Mimi nilikuwa palepale, pua nyekundu. Akaniuliza kama nina mafua.

Waya wangu. Rangi yangu. Wazo langu!

Na sasa nimefungwa mikono. Nikivaa miwani yangu leo, watasema namwiga Rula. Miwani ya kweli, niliyoandikiwa na daktari, itaonekana nakala ya waya!

Nikamwambia Rula kwa upole kwamba ule mtindo nasikia umepitwa. Akasema yeye kaupenda, unamsaidia kufikiri.

Jioni Fundi katuita. Kashusha pumzi. Kasema mkono wangu ni mzuri kuliko wa Rula, hilo hawezi kulificha, ila kichwa changu ndicho hana uhakika nacho. Kesho ukuta ni wangu.

Wangu! Rula kanipa mkono kunipongeza. Nilitafuta wivu usoni mwake, sikuuona. Lakini alikuwa amesimama mbali kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika haya kwa mkono wenye rangi nyeupe hadi kwenye kiwiko. Nitasema yote.

Asubuhi Fundi katufikisha njia panda. Maneno ya mama mshonaji kayaandika kwa chaki kwenye kipande cha boksi, kakiegemeza kwenye nguzo ng'ambo ya barabara. Ana sheria yake: karatasi haipandi ngazi. Mikono miwili ni ya kazi, maneno yakae chini, wewe geuka usome. Kisha kaondoka kwenda kwenye kazi nyingine. Mama mshonaji akaingia ndani kwenye cherehani yake.

Rula akanisomea? Hapana. Alisema yuko tayari kusimama kwenye nguzo na kunisomea neno baada ya neno. Nikamwambia mimi si mtoto wa chekechea. Nikamtuma akaongeze rangi nyeupe karakana. Huko akamkuta mteja, akachelewa.

Nikapanda. Nikageuka. Ng'ambo kule niliona boksi, na kwenye boksi niliona ukungu wenye nia njema. Nilikaza macho. TUNASHONA, hilo lilikuwa wazi, mshonaji hufanya nini kingine? Neno lililofuata lilikuwa fupi, linaanza na S. Baadaye NA. Baadaye neno linaloanza na MASHA. Mwisho, YA KIUME.

Ningeweza kushuka, nivuke barabara, nisome kwa karibu. Lakini watu walikuwa wamekwisha kusimama kutazama. Mchoraji kamili hashuki ngazi kwenda kuangalia kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Nikapiga brashi. Jamani, herufi zile! Mviringo wa ile U, kama umechorwa kwa sahani. Miguu ya A imesimama kama askari. Kwa mbali kidogo nilijiuliza kuhusu maana, sikatai. Lakini biashara za siku hizi zina mambo mengi, na mimi ni mchoraji, si mshonaji.

Watu wakaongezeka. Nikasikia vicheko vya furaha. Nikasikia mtu anamwita mwenzake aje haraka aone. Nikageuka nikawapungia brashi. Wakapiga makofi! Mzee mmoja kaniuliza kutoka chini kama na yeye anaweza kuleta yake, maana imelegea sana siku hizi. Sikumwelewa, nikamwambia karibu mzee, mama yuko ndani. Vicheko vikazidi. Sijawahi kupendwa namna ile.

Nikaweka saini. Mkia na yote.

Mama mshonaji akatoka, mita ya kupimia shingoni, akitaka kujua sherehe ni ya nini. Akageuka. Akatazama juu. Kisha akapiga yowe lililosimamisha cherehani zote za mtaa.

Rula alikuwa amerudi, kopo mkononi. Kaufungua mkoba wangu pale chini ya ngazi, katoa soksi, katoa miwani. Sijui amejua tangu lini. Kapanda vidato vitatu, kanipa.

"Vaa usome," kasema, polepole, ili wengine wasisikie.

Nikavaa. Boksi la Fundi ng'ambo likasema, kwa herufi safi kabisa: TUNASHONA SARE NA MASHATI YA KIUME.

Nikageuka kwenye ukuta. Ukuta ukasema: TUNASHONA SURA NA MASHAKA YA KIUME.

Kisha nikafanya kosa la kuwatazama watu. Sikujua ni wengi kiasi kile. Kila mtu na uso wake, kila uso na meno yake yote nje. Kinyozi amejishika mbavu. Yule mzee anafuta machozi. Na katikati yao, kikapu mkononi, asiyecheka hata kidogo: shangazi.

Alisogea hadi chini ya ngazi. Nilidhani ataniuliza kuhusu ukuta.

"Zile alama za puani," akasema, "ulikuwa unazitoa wapi?"

Nikamwambia. Kuna nyakati akili haitoi kitu kingine isipokuwa ukweli. Aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, na sasa hivi bado sijui kama alikuwa analia au anacheka. Kisha akanyoosha kidole kwenye ukuta na kusema, "Haya. Futa. Na hiyo ibaki hapohapo usoni."

Fundi karudi. Kasoma. Kasoma tena. Kavua kofia. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Kasema nimalize nilichoanza, na Jumatatu tutazungumza kama kuna sababu ya mimi kuendelea kuja.

Basi nikarudi juu, mchana kweupe, miwani usoni, njia panda nzima inatazama. Nikasubiri mtu apige kelele, bundi! Nilikuwa na jibu tayari. Hakuna aliyepiga. Walikuwa wanabishana kama rangi nyeupe itafunika ikipakwa mara moja au mara mbili. Rula alishika ngazi muda wote, hata chakula hakwenda kula. Mara mbili aliniambia mstari wangu umenyooka.

Saa kumi na moja ukuta ulisema SARE na ulisema MASHATI. Ni kazi yangu bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilishuka nikavuka barabara, na kwa mara ya kwanza maishani nikaiona kazi yangu kwa mbali. Nilisimama pale muda mrefu. Sikujua inaonekana hivyo.

Saini sikuweka tena. Fundi alikwisha kuipaka nyeupe mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala vibaya, nimeamka mtu mpya.

Shangazi katengeneza chai, kakaa mbele yangu, kanieleza kwamba alipokuwa msichana alikataa kuvaa viatu vya kurekebisha miguu kwa sababu vilikuwa vikubwa, na mpaka leo anatembea kama anakanyaga mawe. Nilikuwa nadhani ndivyo anavyopenda kutembea. Akasema kioo cha chumbani kina mtu mmoja tu anayekitazama, na mtu huyo hana kazi. Maneno mazuri. Nimeyaandika hapa ili nisiyasahau.

Mchana nimetoka na miwani kwa hiari yangu. Nimezunguka mtaa mzima, kichwa juu. Niko tayari kwa lolote!

Halikutokea lolote. Nusu saa nzima hakuna hata mtu mmoja aliyenitazama. Muuza magazeti kaniuzia gazeti. Majirani wakanisalimu kama kawaida. Nikapita mbele ya kinyozi mara tatu. Mara ya tatu kaniita, kanitazama usoni muda mrefu, nikanyoosha shingo, akaniuliza kama nimetia nyusi wanja.

Nyusi!

Wiki nzima ya mateso, na hata hawaoni! Watu hawa wana shida ya macho.

Jumatatu, 10 Machi

Sijafukuzwa. Nilijua. Fundi kasema mkono kama wangu hautupwi, ila kichwa kitawekwa chini ya uangalizi. Rula ndiye mchoraji kamili kuanzia leo. Mimi nitashika ngazi, na zaidi ya hapo nitakuwa msomaji: nasimama chini ya ngazi, natazama boksi lililoko ng'ambo, nasoma neno, Rula anaandika. Fundi kasema sasa mimi ndiye mwenye macho mazuri kuliko wote karakana, na ole wangu kosa moja.

Mama mshonaji amelalamika kwamba jua likipiga, MASHAKA bado yanaonekana kwa chini. Ni kosa la rangi nyeupe. Siku hizi wanaifanya nyepesi.

Nimekaa nikaichambua wiki iliyopita kwa utulivu, kama mtu mzima. Nimeona wazi kosa lilikuwa wapi. Boksi lilikuwa mbali. Chaki ilikuwa nyembamba. Na mwandiko wa Fundi, tukisema ukweli, ile E yake ina mdomo wa A. Kwa upande wangu kulikuwa na kasoro moja tu, na nimeigundua mwenyewe bila kuambiwa na mtu: fremu. Fremu hii ni ya kahawia, rangi ya uso wangu kabisa, ndiyo maana haionekani. Kama miwani ni lazima, basi iwe miwani ambayo kinyozi hataidhania ni nyusi.

Kwa hiyo jioni hii nimechukua kopo dogo la rangi nyekundu ya mabango, ile inayong'aa, nikaipaka fremu yote, mikono miwili, juu na chini. Kidogo imeingia kwenye vioo, lakini itakwanguka. Imetoka maridadi ajabu! Nimeiweka dirishani ikauke. Kopo linasema siku tatu.

Kesho Rula anaandika bango la halmashauri, litawekwa kwenye kiwanja kitupu karibu na soko. Kazi kubwa, wakubwa watakuwepo kutazama. Mimi ndiye msomaji. Hakuna wasiwasi wowote. Fundi alinionyesha boksi kwa mbali leo mchana, wakati nimevua miwani nikichagua rangi ya fremu, na maneno ni matatu tu, mtoto anaweza kuyashika kichwani: TUPA TAKA HAPA.

La kwanza lilionekana refu kidogo kuliko hivyo. Lakini mwandiko wa Fundi naujua.